Ndoo imetajwa lita zake, riwaya imetajwa jina tu

Fomu ya kujiunga na Kidato cha Tano niliyoonyeshwa mjini Tanga imeandikwa na mtu asiyependa kubahatisha. Godoro liwe la futi mbili na nusu. Shuka ziwe jozi mbili, za bluu. Ndoo iwe ya lita kumi, yenye mfuniko, na jina la mwenyewe liandikwe kwa rangi isiyofutika. Mvulana aje na fyekeo, msichana aje na jembe lililotiwa mpini. Rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa, kandambili, kufuli. Sketi ishuke chini ya goti, na kwa asiyeelewa, mshono wake umechorwa kabisa pembeni.

Ukurasa wa mwisho, chini ya mahesabu ya michango, ipo orodha ya vitabu vya fasihi kwa waliopangiwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Vuta N'kuvute. Kufikirika. Nguzo Mama. Kivuli Kinaishi. Kimbunga. Majina yamepangwa moja chini ya jingine, basi. Haikuandikwa kwamba visomwe kabla ya kuripoti, wala kianze kipi, wala asiyekuwa na hela akavitafute wapi.

Mwenye fomu ni binti wa miaka 17. Nilimuuliza amekwisha kununua vingapi katika vilivyoandikwa. Akahesabu kwa vidole: ndoo anayo, godoro baba ameahidi, jembe litatoka nyumbani. Vitabu? Akacheka kidogo, kisha akasema, "Vitabu nasomea kwa Madamu."

Ndivyo nilivyofika Makorora, kwenye uwanja wa nyumba ya mwalimu ambaye kwa miaka mingi amefundisha Kiswahili Kidato cha Tano na cha Sita katika shule ya serikali. Ni mtumishi wa umma na hakutaka jina lake liandikwe gazetini, kwa hiyo hapa nitamwita Mwalimu. Nyuma ya nyumba yake kuna mkungu mkubwa wenye kivuli kipana, na chini yake kuna mikeka miwili na benchi la mbao. Jumamosi baada ya alasiri, kuanzia Januari hadi Juni, vijana waliomaliza Kidato cha Nne hukusanyika hapo kusoma. Hawalipi kitu. Anachodai ni daftari tu.

Kila mzazi Tanzania anaijua kalenda hii. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari au hapo karibu. Kisha ni kungoja TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapanga wanafunzi, watangaze nani amepangiwa shule gani na tahasusi ipi, na safari ya Kidato cha Tano ni Julai. Katikati hapo kuna miezi saba hivi isiyo na kengele wala mwalimu. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao tuisheni. Wengine hukaa dukani, hushika bodaboda ya kaka, hulea wadogo zao, huenda shamba. Halafu Julai ikifika mambo hugeuka ghafla, kwa sababu mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei ya mwaka wa pili baada ya hapo. Ndani ya muda huo mwanafunzi wa Kiswahili anatakiwa awe amemaliza sarufi, utungaji, tafsiri, historia ya lugha, nadharia ya fasihi, na juu ya hayo yote riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi.

"Mimi nikiwapokea Julai, sina hata wiki moja ya kuwaacha wasome tu," Mwalimu aliniambia. "Siku ya kwanza nafundisha dhamira za kitabu ambacho hawajakifungua. Najua hawajakifungua. Wao wanajua kwamba najua. Tunaendelea hivyo hivyo."

Kinachoziba pengo hilo ni vijitabu vya uchambuzi. Ukipita barabara za Ngamiani utavikuta kwenye meza za vitabu, vingine vimechapwa vizuri, vingine ni fotokopi zilizobanwa kwa pini. Kimoja kinabeba orodha nzima ya fasihi ya Kidato cha Tano na cha Sita, na bei yake ni nafuu kuliko ya riwaya moja. Mpangilio wake ni uleule kwa kila kitabu: kwanza maudhui, yaani dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, kisha fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwisho kabisa hufuata sehemu inayoitwa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi.

Hapo penye kufaulu na kutofaulu ndipo Mwalimu anapoumia. Mtoto wa miaka 17, ambaye hajasoma hata sura moja ya Kufikirika, anaandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba Shaaban Robert amefaulu kifani na kimaudhui. Shaaban Robert mwenyewe alizaliwa 1909 huko Vibambani, na amezikwa Machui, mwendo mfupi kutoka mahali tulipoketi. Alifariki 1962, na Kufikirika kilitoka kiwandani yeye akiwa kaburini. "Mtu hakukiona kitabu chake kikitoka," alisema Mwalimu, "na sisi tulio majirani zake tunampa alama bila kumsoma. Hili linanikera, siwezi kukuficha."

Hata hivyo hana chuki na vijitabu hivyo. Yeye mwenyewe alivitumia alipokuwa mwanafunzi, na anakiri kwamba vingine vimeandikwa na walimu hodari. Shida yake ni mpangilio wa mambo: kijitabu kinakuja kwanza, kitabu kinafuata, na mara nyingi hakifuati kabisa. "Ukisimuliwa utamu wa pilau hushibi," alisema. "Lakini ukiulizwa ilikuwaje, utajibu, na utajibu vizuri. Mtihani wetu unauliza ilikuwaje."

Kwa hiyo chini ya mkungu kuna masharti machache. Kijitabu cha uchambuzi hakivuki geti. Maneno fani, maudhui na dhamira hayatamkwi mpaka kitabu kinachosomwa kimefika ukurasa wa mwisho. Na kila msomaji ana daftari lenye mstari wa wima uliopigwa kwa rula: kushoto anaandika sura au ukurasa aliofikia, kulia anaandika maswali. Majibu hayaandikwi. Mwalimu hasahihishi, na kalamu yake nyekundu haigusi madaftari hayo.

Nilipewa daftari moja nilisome, kwa idhini ya mwenyewe, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ni la yule binti wa fomu. Lina jalada gumu lililochakaa kwenye kona, na mwandiko wake ni mdogo, umeinama upande mmoja kama wa mtu mwenye haraka. Alikuwa akisoma Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota 1999. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaikumbuka: Unguja ya miaka ya hamsini, enzi za ukoloni wa Mwingereza, Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, anatoroka, anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na Inspekta Wright. Wengine wameiona filamu yake, ile ya Amil Shivji ya 2021 iliyofika hadi tamasha la Toronto.

Swali la kwanza kabisa daftarini ni hili: "15 na 52. Nani alisema ndiyo kwanza?"

Chini yake: "Baba yangu ana miaka 51. Bwana Raza akikaa na baba yangu barazani watazungumza nini?"

Halafu: "Bwana Raza ni mtu mbaya, au ni mtu mpole ambaye hakuuliza?"

Hili la tatu limerudiwa mara kadhaa, kila mara na sura mpya upande wa kushoto, kama mtu anayerudi dukani kuulizia bidhaa iliyoahidiwa. Mwanzoni limeandikwa lote. Baadaye limekuwa "Bado: mbaya au mpole?" Baadaye tena ni "Bado" peke yake, na alama ya kuuliza.

Anaposoma habari za Mwajuma, maswali yanabadilika sauti. "Mbona asiye na kitu ndiye mwenye nafasi ya kumpokea mtu?" "Ndugu za Yasmin wanajua leo amekula nini?" "Mwajuma akichoka, Yasmin atalala wapi?" Anapofika kwa Denge hana huruma hata kidogo: "Denge anampenda Yasmin, au anampenda Yasmin akiwa na nafasi tu?" Kisha, baada ya kurasa nyingi: "Nchi ikipata uhuru, Yasmin atapata nini?"

Kuna swali moja lililozungushiwa duara: "Kwa nini wakimkataza wanamwita mtoto, na wakimtuma wanamwita mke?"

Nilikisoma kijitabu cha uchambuzi cha riwaya hiyohiyo siku ileile. Dhamira zimeorodheshwa: ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke katika jamii, harakati za ukombozi, ubaguzi, mapenzi. Hakuna iliyokosewa. Mwanafunzi atakayezikariri na kuzitolea mifano atapata alama zake kihalali. Lakini hakuna hata moja iliyonisimamisha na kunifanya nimfikirie baba wa miaka 51 akiwa barazani na Bwana Raza, hana la kusema.

Karibu na katikati ya daftari kuna swali ambalo halihusu riwaya, au linahusu riwaya kuliko mengine yote. Limeandikwa kwa kalamu tofauti, pengine usiku: "Mimi sasa hivi ni mwanafunzi au si mwanafunzi?"

Nilimuuliza maana yake. Alieleza polepole, akiangalia mkeka. Alikuwa amesikia kwamba sheria inaruhusu msichana wa umri wa Yasmin kuolewa. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Ni kweli pia kwamba Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari afungwe hadi miaka 30. Binti alikuwa akijua habari ya kifungo, kwa sababu ilibandikwa shuleni kwao. Alichotaka kujua ni kama kinga hiyo inamfuata hadi nyumbani. Amemaliza Kidato cha Nne. Kidato cha Tano hajaanza. Jina lake halimo katika rejista ya shule yoyote inayoitwa asubuhi. Kama mtu angekuja kwao Machi na barua ya posa, angemkuta nani hapo: mwanafunzi, au msichana wa nyumbani?

Mwalimu alikwisha kulisoma swali hilo. Hakulijibu. Alimwambia binti alipeleke kwa mwalimu wa Uraia, kisha kwa mama yake, na aandike walivyosema. Ukurasa unaofuata mama amejibu kwa maneno manne: "Wewe soma, mengine yangu." Mwalimu wa Uraia bado hajapatikana.

Nimewauliza watu wawili wanaojua sheria, na hawakunijibu sawasawa. Swali nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu hivyo ndivyo linavyomkalia binti huyu, na wengi wenzake.

Ipo hoja kwamba mambo kama haya si kazi ya fasihi, kwamba mtoto afundishwe tamathali za semi na muundo wa msago, na maisha yake ayamalize nyumbani. Mwalimu anaikataa hoja hiyo moja kwa moja. Anasema mwandishi aliyemweka Yasmin kwenye umri wa miaka 15 alichagua namba hiyo, na hakuna namna ya kueleza uteuzi wa mhusika kwa msomaji ambaye hajawahi kujiuliza kama yeye angekuwa Yasmin. Muundo na tamathali atavifundisha Julai. Vinafundishika. Kinachoshindikana Julai ni kumrudishia mwanafunzi mshangao aliopokonywa na mtu aliyemwambia mwisho wa kitabu kabla hajaanza mwanzo.

Nakala ni chache. Za Vuta N'kuvute anazo tatu, moja imeshonwa upya mgongoni kwa kipande cha kanga. Riwaya huzunguka: unakaa nayo siku kadhaa, unampa mwenzako. Tamthiliya wanazisoma kwa sauti, na hapo uchache wa nakala hugeuka kuwa faida, maana anayesikiliza anafuata maneno kwa masikio na kuangalia nyuso.

Jumamosi niliyokuwepo ilikuwa zamu ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa 1982. Ni habari ya kijiji cha Patata, ambako wanawake, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama, na Chizi anatusimulia. Mwalimu aligawa sehemu, akampa mvulana mrefu aliyevaa jezi ya Coastal Union kuwa Chizi. Kisha akatoa kamba ya mkonge, nene, mpya, akaifunga kwenye gogo la mnazi lililokuwa limelala karibu na uzio. Wasichana wanane wakashika kamba.

Sheria ya mchezo ilikuwa nyepesi. Unasoma maneno yako huku unavuta. Ikifika mahali mhusika wako anaondoka, anagombana au anaitwa nyumbani, unaiachia kamba. Hakuna kuigiza zaidi ya hapo.

Gogo lilisogea shubiri moja. Kisha Bi mmoja akaitwa na shida zake, akaachia. Mwingine akaanza kumlaumu mwenzake, na kwa kuwa alitakiwa amgeukie ili amlaumu, mkono mmoja ukaondoka kwenye kamba. Nakala mbili za kitabu zilikuwa zikipita mkono kwa mkono juu ya kamba, vidole vimeshika ukurasa. Ilipofika habari ya mjane na ndugu wa mume wanaotaka mali, msichana aliyekuwa akisoma alisita, akameza mate, akaendelea kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemhimiza aongeze sauti. Baadaye nilielewa kwamba baba yake alifariki mwaka uliotangulia.

Wanaoijua tamthiliya hiyo wanajua kwamba inakwisha nguzo haijasimama. Chini ya mkungu nalo gogo halikufika popote. Wasichana walikaa chini wakikagua viganja vilivyowashwa na mkonge, na mmoja akasema, kana kwamba anazungumza na mikono yake, "Madamu, kumbe hawakushindwa na uzito."

"Andika," alisema Mwalimu. "Liwe swali."

Akaandika: "Je, wangenyamaza wote wakavuta, na shida zao nani angezisema?"

Nimehudhuria semina za wasomi wa fasihi ambako saa nzima ilipita bila swali la uzito huo.

Mashairi ndiyo yanayowatisha. Vijana hawa wametoka Kidato cha Nne wakiamini shairi ni fumbo lenye jibu moja, na jibu liko kwa mwalimu. Mwalimu huanza na Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji iliyotolewa na TUKI 1994, na kabla ya ubeti wowote huwasimulia habari za mtunzi. Haji Gora alizaliwa Tumbatu, alisoma chuo cha Kurani, shule ya serikali hakuisoma, akafanya kazi ya uvuvi na ubaharia. Alifariki 2021. Mtu huyo ndiye anayetungiwa maswali ya Kidato cha Sita. Watoto hunyamaza kidogo wakisikia hivyo, kisha woga hupungua.

Utaratibu ni shairi moja kwa wiki, lisomwe kwa sauti kila siku, na lipelekwe kwa mtu mzima mmoja ambaye si mwalimu. Yule kijana wa jezi alilipeleka kwa babu yake, mvuvi wa zamani anayeshinda soko la samaki la Deep Sea. Mzee alimsikiliza, akamwambia arudie. Kisha akamweleza tofauti ya kusi na kaskazi, na jinsi pepo zinavyobadilika bahari ikiwa bado inaonekana shwari. Mwisho akamuuliza mjukuu swali lililoingia daftarini kama lilivyo: "Huyu aliyesema haya, aliona kwa macho au alihadithiwa?" Kijana hakuwa na jibu. Akarudi kulisoma shairi akitafuta jibu hilo, na Mwalimu anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisoma shairi kwa ajili ya kitu anachokitaka mwenyewe.

Desturi ya kusoma kabla ya kidato si ngeni duniani. Nchini Marekani wanafunzi wanaojiandaa kuingia darasa la juu la fasihi, lile la AP linalofanyiwa mtihani wake Mei, huondoka shuleni wakiwa na orodha ya vitabu vya likizo ya kiangazi, na wakirudi Agosti au Septemba kazi ya kwanza ni kuandika juu ya walichosoma. Likizo yao ni ya miezi miwili au mitatu tu. Yetu inazidi nusu ya mwaka.

Je, kusoma huku kunaongeza alama? Nilitarajia Mwalimu aseme ndiyo kwa kishindo. Hakusema hivyo. Hajawahi kupima, na waliopita chini ya mkungu wametawanyika shule mbalimbali hata kufuatilia ni shida. Anamjua kijana aliyeshinda kwa kijitabu peke yake na akapata A ya Kiswahili. Anamjua pia msichana aliyesoma riwaya nne, Mfadhili na Usiku Utakapokwisha zikiwemo, na akaambulia C, kwa sababu swali lilitaka hoja tatu kutoka katika kila kitabu, naye alikwama kwenye hoja moja aliyoipenda na kuiandikia kurasa mbili.

"Nilimwambia amekosea mtihani," alisema. "Sikumwambia amekosea kusoma. Lakini mzazi wake alinijia, akaniuliza, dada yangu, umemsaidia nini mwanangu? Nilimpa maji akanywa. Sikuwa na jawabu la kumtosheleza."

Ipo shida nyingine asiyoweza kuitatua. Wanaosoma naye tangu Januari hawajui watapangiwa nini. Mwaka mmoja msichana aliyekuwa kinara wa madaftari alipangiwa tahasusi ya sayansi, shule ya mbali, kwa kuwa alama zake za Kemia zilimruhusu. Alikuja kuaga, akarudisha nakala ya Kivuli Kinaishi akiwa amefika katikati, akauliza kama anaweza kuondoka nayo. Nakala zilikuwa mbili tu. Mwalimu alimpa, na hadi leo hajui kama alifanya sawa, kwa sababu kundi lililofuata lilisoma tamthiliya ile kwa nakala moja.

Na wako wasiofika Makorora kabisa. Tanga mjini pana maktaba ya mkoa, na mwenye nauli na subira anaweza kupata kitabu kimojawapo akakisomea hapo. Mtoto aliyemaliza shule ya kata huko Kilindi au milimani Lushoto, naye ana miezi ileile saba, amepangiwa HKL ileile, na mwisho atakalia mtihani uleule. Vitabu vyenyewe vitabadilika, maana mtaala unabadilika baada ya Sera ya Elimu kufanyiwa mapitio 2023. Majina mapya yatakuja. Yakija kwa fomu ileile, vijitabu vipya vitaandikwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajakifikia kitabu.

Mwalimu ana pendekezo la mistari miwili. Mstari wa kwanza uingizwe kwenye kila fomu ya kujiunga: soma vitabu hivi viwili kabla ya kuripoti, uje na maswali kumi. Mstari wa pili ni mgumu kidogo. Kila sekondari yenye Kidato cha Nne itenge nakala chache za vitabu vya Kidato cha Tano, ziazimwe Novemba siku ya kufunga, zirudishwe Juni. Kabati ipo. Mwalimu wa Kiswahili yupo, na anawajua watoto wake kwa majina na kwa nyumba zao. Vitabu vinavyopotea vitapotea, anasema, kama ndoo zinavyopotea, na hakuna aliyewahi kufuta ndoo kwenye fomu kwa sababu hiyo.

Nilipouliza kwa nini haijafanyika, alinieleza kitu ambacho sikukifikiria. Shule inayompokea mtoto Julai haimjui bado, haiwezi kumwazima kitabu. Shule iliyomlea hadi Novemba imekwisha kufunga mahesabu yake, kwa kuwa inapimwa kwa matokeo ya Kidato cha Nne, si kwa atakachosoma baadaye. Ameuliza kwenye vikao ni shule ipi kati ya hizo mbili inayopaswa kununua nakala hizo, na kila upande umeunyooshea kidole upande wa pili. Novemba wataingia wengine kwenye chumba cha mtihani, watatoka, na miezi saba itaanza kuhesabika. Hadi ninapoandika, sijapata ofisi inayosema miezi hiyo ni yake.